Spektromita ya Kwadrupoli Ikigoma: Tafuta Ioni Zinapopotelea

Spektromita ya kwadrupoli, mashine inayotambua kemikali kwa kupima masi ya ioni zake kwa kuzipitisha kati ya fito nne, ikianza kuleta taabu, wengi wetu hukimbilia spana. Tunafungua, tunasafisha chanzo cha ioni, tunafunga, tunasubiri ombwe lirudi, na tatizo liko palepale kwa sababu halikuwa kwenye chanzo. Hapa Mombasa kufungua mashine ni hasara maradufu: hewa yetu imejaa maji, na kila dakika ambayo mlango uko wazi, maji hayo yanajibandika kwenye chuma ambacho baadaye kitayaachilia taratibu usiku kucha.

Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa dalili zinazoonekana kwenye skrini, na swali la kwanza kwa kila dalili ni lilelile: masi zipi zimeathirika? Zote? Nzito peke yake? Au zimehama tu? Jibu lake hukuonyesha kituo chenye kasoro katika safari ya ioni, na mara nyingi huwa hujagusa hata nati moja.

Nachukulia una mashine ya kawaida ya mezani, kama zile zinazopima mafuta, mabaki ya dawa kwenye majani chai au uchafuzi wa maji ya bahari: kromatografu ya gesi inayotumia heliamu kutenganisha kemikali za sampuli ndani ya kolamu, bomba refu jembamba, chanzo cha elektroni, kwadrupoli moja, na kichupa cha kutyunia, yaani kurekebisha mashine, chenye PFTBA, kimiminiko ambacho vilele vyake vya masi 69, 219 na 502 vinajulikana.

Safari yenyewe

Molekuli ikitoka kwenye kolamu huingia kwenye chanzo, kijumba kidogo cha chuma chenye joto la nyuzi 200 na ushei. Filamenti hutema elektroni zenye nishati ya elektronivolti 70. Elektroni ikiipiga molekuli huing'oa elektroni nyingine, molekuli inabaki ioni chanya, na mara nyingi inavunjika vipande. Bamba la nyuma lenye volti chanya huzisukuma ioni nje, lenzi zinazikusanya, kisha zinaingia katikati ya fito nne.

Kuanzia hapo hakuna kinachozisukuma mbele. Ioni huenda kwa mwendo uleule iliyoingia nao. Fito kazi yake ni kuivuta na kuisukuma kando. Ioni ya masi 100 iliyoingia na elektronivolti 5 huenda karibu kilomita 3 kwa sekunde, kwa hiyo fito za sentimita 20 huzimaliza kwa mikrosekunde 65 hivi. Volti geu ikiwa na masafa ya megahezi 1, ioni hiyo imetikiswa mara 65 kabla haijatoka. Ya masi 502 ni nzito na ya polepole: hukaa humo karibu mikrosekunde 145. Shika tofauti hiyo, tutairudia.

Sasa kuhusu kuchuja. Fito zinazotazamana zimeunganishwa, kwa hiyo tuna jozi mbili. Kila jozi ina volti tuli, tuiite U, na juu yake volti geu, V. Jozi moja U yake ni chanya, ya pili ni hasi.

Kwenye jozi chanya, U huisukuma ioni irudi katikati. Ila V ni kubwa kuliko U, na ikigeuka, kwa kitambo kifupi fito hizo huwa hasi na kuivuta ioni. Ioni nyepesi hukimbia upesi, ikagonga ufito kabla V haijageuka tena. Nzito huchelewa kuitikia, ikabaki njiani salama. Jozi hii basi inaondoa nyepesi. Kwenye jozi hasi mambo ni kinyume: U inaivuta ioni kuelekea ufito muda wote, na kinachoweza kuiokoa ni V peke yake. Nyepesi huitikia V na kurudishwa katikati. Nzito huburutwa polepole hadi ikagonga. Jozi hii inaondoa nzito. Inayopita ni ile iliyoponea pande zote mbili, nayo huishia kwenye detekta inayoigeuza kuwa kilele kwenye skrini.

Wolfgang Paul na Helmut Steinwedel wa Chuo Kikuu cha Bonn walitangaza mpango huu mwaka 1953, na Paul akapata sehemu ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1989. Hesabu yake ina ncha maarufu, pale a (kipimo kinachotokana na U) ni 0.237 na q (kinachotokana na V) ni 0.706, ambapo U ni karibu 0.168 ya V. Karibu na ncha hiyo dirisha huwa jembamba kiasi cha kupitisha masi moja tu. Mashine ikipandisha U na V kwa pamoja, masi zinapita mojamoja kutoka nyepesi hadi nzito.

Kwa kazi ya utatuzi kumbuka hivi: V huamua masi ipi inapita, U huamua dirisha lina upana gani.

Skrini tupu, hakuna hata kilele

Kabla hujasema mashine imekufa, tafuta hewa. Hata ombwe zuri lina mabaki ya maji na nitrojeni, kwa hiyo masi 18 na 28 lazima zionekane japo kidogo. Mazungumzo ya aina hii hayaishi maabara:

"Shikamoo mzee. Mashine imekufa."

"Marahaba mwanangu. 28 unaiona?"

"28 ipo, na 18 pia. PFTBA ndiyo haipo."

"Basi haijafa. Angalia kichupa."

Mzee ana haki. Kama 28 imefika kwenye detekta, basi filamenti inatema, lenzi zinapitisha, fito zinachuja na detekta inasikia. Kilichokosekana ni PFTBA yenyewe: kichupa kimekauka au vali yake imekwama. Ni kazi ya dakika kumi.

Usipoiona hata 28, ligawe tatizo nusu kwa nusu. Pandisha volti ya detekta huku ukitazama mstari wa chini. Ukianza kuota majani, yaani kelele ndogondogo zikiongezeka kadiri unavyopandisha, detekta na nyaya zake ziko hai, na tatizo liko mbele yake. Ukibaki bapa kabisa, usihangaike na chanzo. Fuata waya wa volti ya juu na kadi ya detekta.

Detekta ikiwa hai, soma mkondo wa filamenti. Filamenti iliyokatika haina mkondo, na mashine nyingi zina mbili, kwa hiyo hamia ya pili upate jibu papo hapo. Filamenti ikiwaka vizuri na bado hakuna ioni, shuku waya wa bamba la nyuma au wa lenzi uliochomoka, hasa kama mtu alisafisha chanzo majuzi. Waya hizo ni nyembamba na hutoka kwenye pini kwa urahisi wakati wa kurudisha chanzo mahali pake.

28 na 32 ziko juu

Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote, na ndio wenye mitego mingi.

Hewa ina nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21 na agoni karibu 1. Mashine inayovuja huonyesha hesabu hiyohiyo: 28 kubwa, 32 karibu robo yake, na 40 kidogo sana. Ukiona uwiano huo, hewa ya chumbani inaingia moja kwa moja.

Mtego wa kwanza ni 28 iliyo juu huku 32 haipo. Mafundi wengi hufungua mashine hapo, na si sawa. Kama bomba lako la heliamu lina kichujio cha oksijeni, hewa inayoingilia kabla ya kichujio hunyang'anywa oksijeni njiani, nitrojeni inapita. Kwa hiyo 28 bila 32 hukupeleka kwenye mtungi, regyuleta na viungo vya ukutani, mbali kabisa na spektromita. Swali la kwanza hapo ni kama mtungi umebadilishwa karibuni.

Mtego wa pili ni kudhani kila hewa inatokana na tundu. Mashine iliyofunguliwa asubuhi itakuwa na 28 na 32 kwa muda. Zitazame kwa saa mbili tatu. Zikishuka, ni mabaki yanayoondoka. Zikiganda mahali pamoja, kuna tundu.

Kulitafuta tundu, tumia agoni: weka mashine itazame masi 40, fungua agoni kidogo sana kwenye kijibomba chembamba, na kipitishe kwenye kiungo kimoja kimoja. Agoni ni nzito kuliko hewa na hutiririka chini, kwa hiyo anza na viungo vya chini na upande. Ukianzia juu, gesi itashuka hadi kwenye tundu la chini nawe utalaumu nati isiyo na hatia. Heliamu haikufai hapa, tayari inapita ndani ya kolamu. Wengine hutumia kopo la kupulizia vumbi lenye tetrafluoroethani, wakitazama 69 na 83. Linafaa, mradi ukumbuke kwamba 69 ni ya PFTBA pia, kwa hiyo vali ya kutyunia iwe imefungwa.

Nati inayofunga kolamu kwenye bomba la moto la kuingilia ndiyo mshukiwa namba moja. Feruli, vile vipete vya kuziba ndani ya nati, vya mchanganyiko wa grafiti na plastiki ya vespeli, husinyaa baada ya kupashwa joto mara chache. Ilikaza vizuri ilipofungwa, oveni ikapanda na kushuka, na sasa inacheza. Ikaze robo ya mzunguko, usizidi, utazame 28. Ikianguka papo hapo umemaliza. Mshukiwa wa pili ni mpira wa mlango wa pembeni. Mlaze juu ya kitambaa safi chini ya taa, uzungushe polepole kwa vidole vyenye glavu: unyuzi mmoja wa pamba uliolala juu yake unatosha kuharibu ombwe la mashine nzima, na hutauona mpaka mwanga uje kwa ubavu.

Ukishindwa kabisa kujua kama tundu liko upande wa kromatografu au wa spektromita, toa kolamu na uzibe kiingilio kwa feruli isiyo na tundu. Hewa ikitoweka, tatizo lilikuja na kolamu. Ikibaki, liko ndani ya spektromita.

Kwa nini tuhangaike na hewa kidogo hivi? Kwa ombwe la tori 10⁻⁵ (tori ni kipimo cha shinikizo) molekuli husafiri karibu mita 5 kabla haijagongana na nyingine, kwa hiyo ioni ina fito zake za sentimita 20 peke yake. Shinikizo likifika 10⁻³, nafasi hiyo ni sentimita 5 tu. Ioni sasa inagongwa mara kadhaa ndani ya fito, inatoka kwenye njia yake, inapotea. Oksijeni nayo inaila filamenti.

18 haishuki

Maji ni habari ya pwani. Yana 18, kisha 17 ambayo ni zaidi kidogo ya moja ya tano yake, na maji yakizidi utaiona 19. Tofauti na tundu, maji hayaji na 32. 18 ikiwa ndefu kuliko 28, usitafute tundu; pasha chanzo na fito joto, uache pampu zifanye kazi usiku.

Lakini zuia kabla ya kutibu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70 hutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi. Sasa fikiria maabara yenye kiyoyozi kwenye nyuzi 20. Mtu anafungua dirisha "hewa ipite", au kiyoyozi kinazimika na mlango unaachwa wazi. Chuma chote chumbani kina nyuzi 20, hewa ya nje inaingia, na umande unatanda kila mahali, pamoja na ndani ya sanduku la koili ya V. Ukiwasha mashine hapo unaweza kusikia cheche na kuona ujumbe wa hitilafu ya volti geu. Acha chuma kipate joto la chumba, acha kikauke, ndipo uwashe. Unapofungua kwa makusudi, jaza mashine na nitrojeni kavu badala ya hewa, na subiri sehemu za ndani zipoe hadi joto la chumba tu, zisiwe baridi kuliko hewa.

Tazama pia pampu ya mafuta. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamekunywa maji. Fungua vali ya hewa ya pampu, iendeshe hadi yawe angavu, na kama hayabadiliki, yabadilishe wewe.

69 nzuri, 502 imekufa

Hapa ndipo swali la masi linapolipa. Chanzo kizima kingekuwa kimezimika, 69 nayo ingeanguka. Kikianguka kizito peke yake, kuna kitu kinachokiumiza kizito zaidi. Pima upana wa 502 kwanza. Inatakiwa ilingane na 69, karibu 0.6 katika nusu ya urefu. Ikiwa imekonda kuliko 69, fito zinaikata: U imepanda mno upande wa juu. Tyuni upya, usisafishe kitu.

Upana ukiwa sawa, rudi kwenye chanzo. Uchafu uliokauka ndani yake hushika chaji, na chaji hiyo huongeza volti ambayo hukuipanga. Ioni za polepole hukaa muda mrefu zaidi kwenye maeneo hayo yaliyopotoka, hasa pale mlangoni mwa fito, kwa hiyo ndizo za kwanza kupotea. Ukifungua chanzo kama hicho utakiona: duara la kahawia lenye mng'ao wa bluu kwenye bamba la nyuma, lilipogongwa na elektroni siku nzima, na kivuli cheusi kuzunguka tundu la lenzi ya kwanza.

Sugua kwa unga wa alumina uliokorogwa na methanoli hadi uwe uji, kwa kijiti cha pamba, kwa mizunguko midogo. Huna haja ya kioo. Chuma cheupe chenye ukungu kinatosha, mradi duara limetoweka na hakuna mikwaruzo. Suuza kwa maji, kisha methanoli, asetoni na heksani kwa zamu kwenye beseni la mawimbi ya sauti. Filamenti na vihami vya kauri visiingie kwenye unga. Kausha kwenye oveni, rudisha kwa glavu zisizotoa nyuzi. Alama moja ya kidole itakupa vilele vya mafuta kwa siku kadhaa.

502 ikibaki chini baada ya chanzo kuwa safi, zimebaki sababu mbili. Detekta iliyochoka huumiza nzito zaidi kwa sababu ioni ya masi kubwa hugonga kwa mwendo mdogo na kung'oa elektroni chache. Au fito zenyewe ni chafu. Kwa fito ushauri wangu ni mmoja: usizisugue. Nafasi kati yake imepimwa kwa mikromita, na ukiusogeza ufito mmoja kwa unene wa unywele, hakuna tyuni itakayokuokoa. Hiyo ni kazi ya fundi wa mtengenezaji.

Vilele vimenenepa, au vimekonda

Hii ni U. Mashine nyingi zina virekebisho viwili: kimoja hubadilisha upana wa masi zote kwa pamoja, cha pili huathiri zaidi upande mzito. Kama 69, 219 na 502 zote ni nene, gusa cha kwanza. Kama 69 ni nzuri na 502 ni nene, gusa cha pili. Na usiwe na tamaa: kilele chembamba kinavutia macho, lakini kila unapobana dirisha, ioni nzuri zinagonga fito.

Kipimo kizuri cha upana ni isotopu, wala hakihitaji kujua mashine ina nguvu kiasi gani. Kaboni 13 ni karibu asilimia 1.1 ya kaboni yote. 69 ina kaboni moja, kwa hiyo 70 iwe karibu asilimia 1.1 yake. 219 ina kaboni nne, hivyo 220 ni 4.3. 502 ina tisa, hivyo 503 ni 10. Ukipata 70 yenye asilimia 4 ya 69, dirisha ni pana mno na 69 inamwagikia jirani, au 69 imeijaza detekta hadi juu na uwiano umepotoka.

Ikiwa nyepesi peke yake ndizo nene, punguza nishati ambayo ioni huingia nayo. Nyepesi hukimbia, kwa hiyo hutikiswa mara chache zaidi. Ukiziongezea mwendo hazipati mitikisiko ya kutosha kuchujwa.

Vilele vimehama

Angalia vimehama vipi. Vyote vikihama kwa kiasi kimoja, ni urekebishaji wa kuanzia tu. Vikihama kwa uwiano, nzito zaidi ya nyepesi, ni V. V ikipungua kwa asilimia 0.1 tu, 69 huhama 0.07, hutaiona, lakini 502 huonekana kwenye 502.5, na ukiwa unapima ioni chache ulizozichagua upande wa juu, ishara yako inayeyuka.

V hubadilika na joto la saketi yake. Ndiyo maana mashine iliyotyuniwa asubuhi na mapema inaweza kuwa imehama saa nane mchana wa kaskazi, kiyoyozi kikiwa kimelemewa. Iache ipate joto saa kadhaa kabla ya kutyuni, na usiielekeze pua ya kiyoyozi mgongoni mwake. Feni ya nyuma nayo ikaguliwe: vumbi lenye chumvi likilowa unyevu hugeuka ukoko, feni inazunguka kwa shida na kadi inachemka.

Kilele kina bega au kimepasuka

Ioni zilizokataliwa huishia kwenye fito, hasa sentimita za mwanzo. Miaka ikipita, tabaka lisilopitisha umeme hujengeka hapo, likashika chaji na kuiongezea U kitu kisicho chake. Kilele kinatoka na bega, au na ncha mbili. Programu nyingi hukuruhusu kubadilisha jozi ipi iwe chanya. Ibadilishe. Umbo likitengemaa sana, jozi moja ndiyo chafu na umepata nafuu ya kufanyia kazi wakati unamsubiri fundi. Umbo lisipobadilika, jaribu kwanza kushusha nishati ya kuingilia, kisha kagua kama koili ya V imetyuniwa. Mashine zenye vifito vifupi vya utangulizi, vyenye V bila U, huupokea uchafu huo huko, na ni rahisi zaidi kuvibadilisha.

Ioni usizozialika

207 na 281 zinazopanda pamoja na joto la oveni ni kolamu inayomumunyuka, au septa, mpira unaochomwa sindano kwenye kiingizaji. 149 ni ftalati: plastiki, glavu, kifuniko cha chupa. 43, 57, 71 na 85 kwa ngazi ni hidrokaboni. Kwa anayepima dizeli, hiyo ni sampuli ya jana iliyobaki kwenye kiingizaji. Lakini zikiwapo hata bila kudunga kitu, zitazame pampu.

Stima ikipotea

Pampu ya turbo huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na ikikosa umeme hupungua mwendo taratibu. Wakati huo mvuke wa ile pampu ya mafuta iliyo chini yake una njia wazi ya kupanda hadi kwenye chanzo, na hapo ndipo ngazi ya 57 na 71 inapozaliwa. UPS yako haihitaji kubeba kazi ya saa nzima. Iweze kuibeba mashine hadi jenereta ishike, au hadi uizime kwa utaratibu: filamenti na detekta kwanza, joto lishuke, kisha pampu. Umeme ukirudi kwa mishtuko, ukiwaka na kuzimika mara mbili tatu, iache mashine imezimwa mpaka utulie. Usiwashe filamenti kabla turbo haijafika mwendo wake.

Volti ya detekta inapanda kila tyuni

Kizidisha elektroni, yaani detekta yenyewe, huzeeka. Hilo si ugonjwa. Andika volti yake kila unapotyuni, pamoja na urefu wa 69 na 502. Ikipanda polepole kwa miezi, agiza nyingine mapema, maana usafirishaji na forodha havina haraka. Ikiruka ghafla kati ya tyuni mbili, detekta haina hatia: ioni zimepungua kabla ya kuifikia, na mashine inaipandishia volti kufidia. Rudi kwenye 28, kisha kwenye upana, kisha kwenye chanzo.